Kupanga Upya Masomo ya Jamii katika Sekondari Msingi: Kipi Kitangulie, Kipi Kifuate?

Ikisiri

Makala hii inachunguza mpangilio wa Masomo ya Jamii katika gredi za 7, 8 na 9 nchini Kenya. Hoja yetu kuu ni kwamba udhaifu wa ujifunzaji katika somo hili hautokani na uhaba wa maudhui. Aghalabu hutokana na maudhui hayo kupangwa bila kuzingatia ni dhana ipi inayoitegemea nyingine. Tunaanza kwa kudurusu kwa muhtasari historia ya somo hili nchini, kisha tunalinganisha nadharia mbili za upangaji wa mitaala. Baadaye tunapendekeza mfuatano wa miaka mitatu ambao unaoana na masomo mengine, hususan Kiswahili. Mwisho tunajadili ugumu wa kipindi cha mpito na wajibu wa mwalimu wa Kiswahili katika mabadiliko ya aina hii.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mwanzo wa ngoma ni lele. Mtaala nao una lele yake. Mwanafunzi asipofunzwa lile linalopaswa kutangulia, lile linalofuata humpita kando hata likifundishwa kwa ufundi wa namna gani. Mwalimu anayefundisha biashara ya Bahari ya Hindi kwa wanafunzi wasiojua pepo za msimu atalazimika kuchagua moja kati ya mambo mawili. Ama asitishe historia ili afundishe jiografia ambayo haikupangwa siku hiyo, ama awaache wanafunzi wakariri kwamba majahazi yalifika na kuondoka pasipo kujua ni kwa nini yalifika majira yale wala ni kwa nini mabaharia walilazimika kusubiri miezi kadhaa kabla ya kurejea kwao. Uamuzi wa pili ndio rahisi, na ndio unaofanywa mara nyingi.

Huenda msomaji akajiuliza jarida la wanafunzi wa Kiswahili linahusiana vipi na suala hili. Jibu letu ni la aina mbili. Kwanza, wengi wa wanachama wetu wanaosomea ualimu wameunganisha Kiswahili na Historia, Jiografia au elimu ya dini. Wao ndio watakaosimama mbele ya madarasa hayo. Pili, historia ya lugha yetu haitenganiki na historia ya jamii zilizoizungumza. Mpangilio mbaya wa Masomo ya Jamii humdhuru mwalimu wa Kiswahili, kwa kuwa humlazimu kueleza asili ya msamiati kwa watoto ambao hawajapata kusikia habari za Wareno wala za Waomani.

2.0 Historia Fupi ya Somo Hili

Dhana ya Masomo ya Jamii kama somo moja lililounganishwa si ngeni katika ardhi ya Kenya. Mnamo Agosti 1968, waelimishaji kutoka nchi 11 za Kiafrika walikutana mjini Mombasa kujadili namna ya kuondokana na mafunzo ya kikoloni, ambapo mtoto wa Kiafrika alijua mito ya Ulaya kuliko mto uliopita nyuma ya nyumba yao. Mkutano huo ndio uliozaa mpango wa pamoja wa Masomo ya Jamii barani Afrika. Hivyo basi, mtu anapodai kuwa somo hili ni mzigo ulioletwa na mageuzi ya hivi karibuni, anapuuza zaidi ya nusu karne ya juhudi za Waafrika wenyewe.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, kufuatia mapendekezo ya Tume ya Mackay ya 1981, Jiografia, Historia na Uraia ziliwekwa pamoja katika shule za msingi. Walimu na wanafunzi walizoea kuliita somo hilo GHC. Baada ya marekebisho ya mtaala ya 2002, jina Masomo ya Jamii likashika mizizi. Mtihani wa KCPE, ambao ndio uliotawala ufundishaji wa somo hilo kwa takriban miongo minne, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023.

Mtaala wa umilisi ulianza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019 katika madarasa ya chini, na wanafunzi wa kwanza wakaingia gredi ya 7 mwaka 2023. Mwaka huohuo, jopokazi la rais lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu liliwasilisha ripoti yake. Kutokana na mapendekezo yake, idadi ya masomo katika sekondari msingi ilipunguzwa kutoka 14 hadi 9 mwaka 2024. Masomo ya Jamii yalibaki miongoni mwa hayo 9. Wanafunzi wa kwanza walifanya tathmini ya kitaifa ya gredi ya 9 mwaka 2025.

Ni muhimu kutaja jambo moja ambalo halizungumzwi vya kutosha. Katika sekondari ya juu, mwanafunzi hufuata mojawapo ya njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Historia na Jiografia huwa masomo ya kuchagua. Maana yake ni kwamba gredi ya 9 ndiyo mara ya mwisho kwa watoto wote wa Kenya, awe mhandisi mtarajiwa au mkulima mtarajiwa, kuketi darasani na kufunzwa kwa lazima ramani ya nchi yao, historia ya bara lao na katiba inayowatawala. Miaka mitatu au minne baadaye, watakuwa na kitambulisho na haki ya kupiga kura. Kwa mtazamo huu, swali la kipi kitangulie na kipi kifuate linahusu uraia wenyewe.

3.0 Nadharia Mbili za Mpangilio

Wataalamu wa mitaala wamevutana kwa muda mrefu kuhusu namna bora ya kupanga somo hili. Tunaweza kubainisha mikondo miwili mikuu.

3.1 Upeo Unaopanuka

Mkondo wa kwanza unahusishwa hasa na Paul Hanna wa Marekani, aliyeueneza katikati mwa karne ya 20. Kwa mujibu wa mkondo huu, mtoto huanza na yaliyo karibu naye, kisha husogea nje hatua kwa hatua: nyumbani, shuleni, kijijini, wilayani, nchini, hatimaye duniani. Mtaala wa Kenya umeufuata mkondo huu kwa uaminifu mkubwa. Katika gredi ya 4 mwanafunzi husoma kuhusu kaunti yake, katika gredi ya 5 kuhusu Kenya, na katika gredi ya 6 kuhusu Afrika Mashariki. Anapofika sekondari msingi, upeo wake huwa ni bara zima la Afrika na uhusiano wake na dunia.

Ubora wa mkondo huu ni dhahiri. Mtoto mdogo hujifunza kwa kuona na kugusa. Hata hivyo, una kasoro mbili. Kasoro ya kwanza ni kwamba ukaribu wa mahali si sawa na wepesi wa dhana. Muundo wa serikali ya kaunti uko karibu na mtoto wa miaka 10, lakini ni mgumu kwake kuliko kisa cha safari ya mbali. Kasoro ya pili inajitokeza katika sekondari msingi. Upeo ukishafika barani, nadharia haina tena la kusema. Haituelezi ndani ya bara hilo tuanze wapi na tuishie wapi.

3.2 Mtaala Mzunguko

Mkondo wa pili ni wa Jerome Bruner, aliyeufafanua katika kitabu chake cha 1960 kuhusu mchakato wa elimu. Bruner alishikilia kwamba dhana kuu za taaluma yoyote zinaweza kufunzwa mapema kwa namna nyepesi iliyo ya kweli, kisha zirejelewe tena na tena kwa kina kinachoongezeka. Mtaala wetu wa sekondari msingi umeathiriwa na wazo hili. Kila gredi hurejelea mada kuu zinazofanana: watu na idadi yao, mazingira asilia na ya kihistoria barani Afrika, na maendeleo ya kisiasa na utawala.

Wazo lenyewe ni zuri. Tatizo ni kwamba kurejelea si sawa na kukariri upya, wala si sawa na kukatakata. Mzunguko wa kweli humrudisha mwanafunzi pale alipokuwa akiwa na zana mpya mkononi. Mzunguko wa jina tu huigawa mada moja vipande vitatu, ukampa kimoja kila mwaka. Katika hali hiyo, uzi wa historia hukatwa mwezi wa tatu ili kupisha ramani, ramani hukatwa ili kupisha utawala, na historia haisikiki tena hadi mwaka unaofuata. Mwanafunzi husahau alikoishia, naye mwalimu hutumia wiki mbili kukumbusha.

3.3 Mifano ya Kwingineko

Suala hili halitusumbui sisi peke yetu. Katika jimbo la California nchini Marekani, gredi ya 6 hushughulikia ustaarabu wa kale, gredi ya 7 enzi za kati hadi mwanzo wa enzi mpya, na gredi ya 8 historia ya Marekani. Mfuatano ni wa wakati. Jimbo la Texas kwa miaka mingi limefuata njia tofauti: tamaduni za dunia katika gredi ya 6, historia ya jimbo lenyewe katika gredi ya 7, na historia ya Marekani hadi mwaka 1877 katika gredi ya 8. Mnamo Septemba 2025, bodi ya elimu ya Texas iliidhinisha mfumo mpya unaopanga historia kwa mfuatano wa wakati kuanzia gredi ya 3 hadi ya 8, na umepangiwa kuanza kutumika mwaka 2030. Mjadala ulikuwa mkali. Waliopinga walihofia kuwa tamaduni na jiografia ya mataifa mengine zingepoteza nafasi. Funzo kwetu ni kwamba kila mpangilio una gharama yake. Unapokitanguliza kitu kimoja, kuna kingine unachokisogeza nyuma au kukipunguza.

Jirani yetu Tanzania nayo imechukua mkondo wake. Katika mageuzi ya mtaala yaliyoanza kutekelezwa hivi karibuni, Historia ya Tanzania na Maadili imewekwa kuwa somo linalojitegemea na hufundishwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo mtoto wa Tanga husoma historia ya pwani kwa lugha iliyozaliwa na historia hiyo, ilhali mwenzake wa Kwale huisoma kwa Kiingereza.

4.0 Kanuni Tatu za Kupanga Upya

Kutokana na mjadala uliotangulia, tunapendekeza kanuni tatu za kumwongoza yeyote anayepanga upya somo hili, awe mkuza mtaala au mwalimu anayeandaa maazimio ya kazi ya muhula.

Kanuni ya kwanza ni kwamba zana zitangulie matumizi. Ramani, vipimo vya wakati na aina za ushahidi wa kihistoria ni zana. Hazifai kuwa mada za katikati ya mwaka. Tuchukue mfano wa kipimo cha ramani. Ramani nyingi za kina za Kenya zimechorwa kwa kipimo cha 1:50,000. Mwanafunzi anapopima sentimita 6 kwenye ramani hiyo, anapaswa kujua kuwa ni sentimita 300,000 ardhini, yaani kilomita 3. Hesabu hii ni ya uwiano. Endapo mwalimu wa Hisabati hajafundisha uwiano, mwalimu wa Masomo ya Jamii ataufundisha kwa haraka na pengine vibaya. Hali ni hiyohiyo kwa longitudo na saa. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, hivyo nyuzi 15 ni sawa na saa moja, na uzi mmoja ni sawa na dakika 4. Mombasa iko takriban nyuzi 40 mashariki, kwa hiyo kwa kufuata jua iko saa 2 na dakika 40 mbele ya Greenwich, ingawa saa rasmi ya Kenya iko saa 3 kamili mbele. Tofauti hiyo ya dakika 20 yatosha kuanzisha mjadala mzuri kuhusu maumbile na maamuzi ya kisiasa, mradi hesabu imekwisha kueleweka.

Kanuni ya pili ni kwamba sababu zitangulie matokeo. Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885 hauwezi kueleweka bila biashara na misafara iliyoutangulia. Upinzani wa Koitalel Samoei aliyeuawa mwaka 1905, vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, na mwito wa Mekatilili wa Menza kwa Wagiriama mnamo 1913, vyote ni majibu. Mwanafunzi anayesoma majibu kabla ya swali huona orodha ya majina na tarehe tu.

Kanuni ya tatu ni kwamba kila mwaka uwe na swali moja kuu. Mada ndogo zote za mwaka huo zilitumikie swali hilo. Swali kuu humpa mwanafunzi mahali pa kuning'iniza maarifa mapya, na humpa mwalimu kigezo cha kuamua ni kipi akazie na ni kipi akipitie kwa wepesi muda unapombana.

5.0 Mfuatano Unaopendekezwa

5.1 Gredi ya 7: Tulianzia Wapi, na Tunajuaje?

Mwaka huu uanze na zana: ramani, mistari ya wakati, karne na milenia, ushahidi wa mdomo, wa maandishi na wa vitu vilivyochimbuliwa. Kisha chimbuko la binadamu. Kenya ina bahati ya pekee hapa. Mifupa ya kijana wa Turkana, iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu huko Nariokotome mwaka 1984, ina umri wa takriban miaka milioni 1.5. Tukio hilo moja linahitaji ramani, linahitaji kipimo cha wakati, na linahitaji ufahamu wa ushahidi. Baadaye yafuate mazingira ya Afrika na ustaarabu uliochipuka humo: Misri na Mto Naili, Zimbabwe Kuu na dhahabu yake, na miji ya pwani kama vile Kilwa, Mombasa na Lamu. Mwaka ukome takriban mwaka 1500.

5.2 Gredi ya 8: Nini Hutokea Jamii Zinapokutana?

Mwaka huu ushughulikie biashara, utumwa, uhamiaji, uvamizi na ukoloni. Idadi ya watu na sababu za kuhama zifundishwe hapa. Ziungane na historia badala ya kusimama peke yake kama takwimu kavu. Mwanafunzi atazame Wareno, Waomani, kisha Waingereza na Wajerumani, na wakati wote aulizwe nani alinufaika na nani aliumia. Mwaka ukome na namna Waafrika walivyoupinga utawala wa kikoloni.

5.3 Gredi ya 9: Tujitawale Vipi?

Mwaka wa mwisho uwe wa dola, katiba na uraia. Uanze na uhuru wa 1963, upitie mabadiliko ya kikatiba hadi Katiba ya 2010, uchambue Sheria ya Haki katika sura ya nne, uongozi na maadili katika sura ya sita, na ugatuzi wa kaunti 47 katika sura ya kumi na moja. Hatimaye utazame nje: Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika 1977 na kufufuliwa kwa mkataba wa 1999, na Umoja wa Afrika. Faida ya mpangilio huu ni kwamba katiba haitafunzwa vipande vipande. Itafunzwa kama jibu la matatizo ambayo mwanafunzi ameyaona kwa miaka miwili, tena wakati ambapo amekaribia umri wa kuitumia.

6.0 Mfano wa Mwoano na Somo la Kiswahili

Tuonyeshe sasa jinsi mfuatano huu unavyoweza kuoana na somo letu. Chukua kitengo cha pwani, kuanzia mwishoni mwa gredi ya 7 hadi mwanzoni mwa gredi ya 8.

Hatua ya kwanza ni pepo. Mwanafunzi ajue kwamba kaskazi huvuma kuanzia takriban Desemba hadi Machi na kuyaleta majahazi kutoka Uarabuni, nayo kusi huvuma takriban Aprili hadi Septemba na kuyarudisha. Hatua ya pili ni athari ya pepo hizo. Kwa kuwa mabaharia walilazimika kungoja upepo ubadilike, walikaa, wakaoa, wakajenga. Hatua ya tatu ni miji. Hatua ya nne ni kufika kwa Vasco da Gama mwaka 1498, kuvamiwa kwa Kilwa na Mombasa mwaka 1505, kuanza kwa ujenzi wa Ngome ya Yesu mwaka 1593, na kutekwa kwake na Waomani mwaka 1698.

Wiki hiyohiyo, mwalimu wa Kiswahili aingie na hatua ya tano. Awape wanafunzi maneno yaliyochanganywa: meza, bendera, mvinyo, karata, kitabu, karne, bandari, gari, laki, shule. Wayapange kwa mlango yaliyoingilia. Wataona kwamba meza, bendera, mvinyo na karata ni ya Kireno; kitabu na karne ni ya Kiarabu; bandari ina asili ya Kiajemi; gari na laki ni ya Kihindi; na shule ni ya Kijerumani. Wakishafanya hivyo, wayaweke kwenye mstari wa wakati waliouchora katika Masomo ya Jamii. Hapo ndipo masomo mawili yanapokuwa moja.

Tahadhari moja ni ya lazima. Zoezi hili lisije likamwachia mwanafunzi dhana potofu kwamba Kiswahili ni lugha ya kuokotezwa. Uchunguzi wa Derek Nurse na Thomas Spear (1985), miongoni mwa wengine, umedhihirisha kuwa Kiswahili ni lugha ya Kibantu, yenye undugu wa karibu na lugha za Mijikenda na Pokomo. Kwa hiyo mwalimu aongeze maneno kama vile mtu, maji, mvua, kula na kufa, kisha aulize: ni maneno ya aina gani hukopwa, na ya aina gani hayakopwi kwa wepesi? Jibu litawafunza wanafunzi mengi kuhusu biashara, dini na utawala.

Mwoano huu unaendelea hadi gredi ya 9. Neno raia lina asili ya Kiarabu, na huko lilimaanisha watawaliwa, wale walio chini ya uangalizi wa mtawala kama kundi lilivyo chini ya mchungaji. Leo, chini ya Katiba ya 2010, raia ndiye mwenye mamlaka. Neno kura nalo lilihusu kupiga bahati nasibu kabla halijahusu uchaguzi. Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha mabadiliko ya maana ana hapa mifano hai, na mwalimu wa Masomo ya Jamii ana mjadala uliokwisha kuiva. Aidha, ibara ya 7 ya Katiba inayokifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi inaweza kusomwa kama ufahamu katika somo la Kiswahili siku ileile inapochambuliwa katika Masomo ya Jamii.

7.0 Pingamizi na Ugumu wa Mpito

Mapendekezo yetu hayakosi wapinzani. Wapo watakaosema kuwa mfuatano wa wakati huiua jiografia. Pingamizi hili lina uzito. Jibu letu ni kwamba jiografia isifanywe mgeni wa historia. Kila kitengo kifunguliwe na mahali kabla ya tukio, kama tulivyofanya kwa pepo. Wengine watasema kuwa mtoto atasahau ya gredi ya 7 afikapo gredi ya 9. Hapo ndipo Bruner anapohitajika: mzunguko ubaki katika stadi na dhana, si katika maudhui. Stadi ya kuhoji ushahidi inayofunzwa kwa mifupa ya Nariokotome irudi katika barua za wakoloni, na irudi tena katika hotuba za wanasiasa.

Ugumu mkubwa zaidi ni wa mpito, nao husahaulika kila mitaala inapogeuzwa. Mada ikihamishwa kutoka gredi ya 8 hadi ya 7, wanafunzi wanaoingia gredi ya 8 mwaka wa mabadiliko hawataifunzwa kamwe: walipokuwa gredi ya 7 haikuwapo, na sasa wako gredi ya 8 imeondoka. Mada ikihamishwa kwenda mbele, darasa lililokwisha kuisoma huisoma mara mbili. Ziko njia mbili za kuepuka hasara hiyo. Njia ya kwanza ni kuanza na gredi ya 7 peke yake, mwaka unaofuata gredi ya 8, kisha gredi ya 9, ili kila kundi limalize kwa mpangilio lililouanzia. Njia hii huchukua miaka mitatu na huhitaji subira. Njia ya pili ni kubadilisha gredi zote kwa pamoja na kuandaa vitengo vya daraja kwa madarasa ya katikati. Njia hii ni ya haraka, lakini huwaelemea walimu na hudai vitabu viwili kwa wakati mmoja. Sisi tunaipendelea ya kwanza, kwani haraka haraka haina baraka.

Suala la tathmini nalo lisiachwe nyuma. Ikiwa mtihani wa gredi ya 9 utaendelea kuuliza maswali ya kukumbuka vipande, walimu watarudi kwenye vipande hata silabasi iseme nini. Mpangilio wa maswali uakisi mpangilio wa mafunzo.

8.0 Mwalimu Afanyeje Leo?

Kugeuza mtaala ni kazi ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, na mwalimu mmoja hawezi kujitwalia mamlaka hayo. Hata hivyo, ndani ya mwaka mmoja mwalimu ana uhuru fulani anapoandaa maazimio ya kazi. Anaweza kuitanguliza ramani mwanzoni mwa muhula wa kwanza. Anaweza kuketi na mwalimu wa Hisabati na kulinganisha wiki za uwiano na wiki za vipimo vya ramani. Anaweza kuketi na mwalimu wa Kiswahili na kuchagua vifungu vya ufahamu vinavyokwenda sambamba na kitengo cha historia. Mashauriano hayo hayahitaji waraka wowote kutoka wizarani. Yanahitaji saa moja ya mazungumzo katika chumba cha walimu kabla ya muhula kufunguliwa.

Kwa wanachama wetu ambao wangali vyuoni, mazoezi ya kufundisha ni fursa ya kulijaribu hili. Mwanafunzi wa Kiswahili na Historia anapewa masomo mawili katika shule moja, pengine katika darasa moja. Ni nani aliye na nafasi bora zaidi ya kuonyesha kwamba masomo hayo yaweza kusaidiana? Aweke kumbukumbu ya alichokitanguliza, alichokifuatisha, na namna wanafunzi walivyojibu. Kumbukumbu za aina hiyo, zikikusanywa na kujadiliwa katika makongamano ya chama, zitakuwa ushahidi wenye uzito kuliko malalamiko.

9.0 Hitimisho

Katika makala hii tumejaribu kudhihirisha kwamba mpangilio wa Masomo ya Jamii katika sekondari msingi ni suala la kitaaluma lenye athari za kijamii. Tumeonyesha kuwa upeo unaopanuka hautoshi baada ya gredi ya 6, na kwamba mtaala mzunguko huzaa matunda pale tu unaporudia stadi badala ya kugawanya maudhui. Tumependekeza kanuni tatu na maswali matatu makuu, moja kwa kila gredi, na tumeonyesha jinsi Kiswahili kinavyoweza kuwa mshirika wa karibu wa somo hili badala ya kuwa jirani asiyesalimiwa.

Uwanja huu ungali na mapengo mengi ya utafiti. Hatuna budi kuchunguza vifungu vya ufahamu vilivyomo katika vitabu vya kiada vya Kiswahili vya gredi za 7 hadi 9 ili kubaini ni vingapi vinavyooana na mada za Masomo ya Jamii za gredi hiyohiyo. Kazi hiyo yaweza kufanywa na mwanafunzi wa shahada ya kwanza kwa muhula mmoja, na matokeo yake yangewafaa wakuza mitaala na walimu vilevile. Tunawaalika wenzetu waianze.